Jojoba na skwalani: mrithi wa nyangumi na mrithi wa papa wa kilindini, ununue chupa ipi?

Kwenye rafu za vipodozi siku hizi kuna chupa mbili ndogo za mililita 30 ambazo mnunuzi huzichanganya kwa urahisi: mafuta ya jojoba na mafuta ya skwalani. Zote huuzwa kwa sifa ileile, kwamba yanafanana na mafuta ya ngozi yako, na safari hii wauzaji hawakutia chumvi sana. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya uso wa binadamu yana nta laini kiasi cha robo, na skwaleni, yaani mafuta ghafi ambayo skwalani hutengenezwa kutokana nayo, kiasi cha asilimia 12. Nta hiyo ni ya jamii moja na ile iliyojaa kichwani mwa nyangumi wa ambari. Skwaleni ndiyo iliyojaa katika ini la papa wa kilindini. Jojoba ilichukua nafasi ya nyangumi, na skwalani ya mimea inajaribu kuchukua nafasi ya papa. Ya kwanza imekwisha kufaulu. Ya pili bado inagombana na papa mwenyewe, ambaye hajatoka sokoni, na hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kufungua macho.

Uamuzi wetu ni huu. Kwa uso wenye mafuta na kwa joto la pwani, chukua skwalani ya miwa au ya mizeituni. Kwa nywele, ngozi ya kichwa, midomo na visigino, jojoba inashinda. Vidonge vya ini la papa viache vilipo. Sifa ya papa, yaani mafuta ya ini lake yanayopakwa mashua, ina kazi yake nzuri, lakini ni kwenye mbao.

Tuanze na nyangumi. Tunayemzungumzia si yule wa nundu anayepita Watamu na Kizimkazi wakati wa kusi, wala si papa potwe wa Mafia, ambaye ni samaki na hukaa sana karibu na uso wa maji. Nyangumi wa ambari ana kichwa cha mraba kinachochukua theluthi moja ya mwili. Dume hufika mita 16, na huzamia zaidi ya mita 1,000 kufuata ngisi. Ndani ya kichwa hicho mna kiungo kinachoweza kubeba lita 1,900 za mafuta yaliyochanganyika na nta, yaani spemaseti. Mnyama akiwa hai yanabaki kimiminika. Yakishuka kufika nyuzi 30 hivi huanza kuganda na kuwa meupe. Mwenyewe huyatumia kupitisha na kuelekeza milio anayotafutia windo gizani. Viwanda viliyapenda kwa sababu nyingine: hayachachi upesi, mnato wake haubadiliki sana joto likipanda, na yanashikilia chuma hata shinikizo likiwa kubwa. Yalitumika kwenye saa, cherehani, na baadaye kwenye gia za otomatiki za magari ya Marekani. Mshumaa wa spemaseti uliwaka sawasawa kiasi kwamba sheria ya gesi ya London ya mwaka 1860 iliufanya kipimo cha mwanga: mshumaa wenye uzito wa sehemu ya sita ya ratili, ukiungua greni 120 kwa saa, sawa na gramu 7.8 hivi.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Katika miaka ya 1960 nyangumi hawa waliuawa zaidi ya 20,000 kwa mwaka. Marekani ilimweka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1970, na mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikapitisha usitishaji wa uvuvi wa biashara, ulioanza na msimu wa 1985/86. Viwanda vilivyokuwa vikitegemea nta ile vilihitaji nyingine, na mojawapo ilipatikana kwenye mbegu ya kichaka cha jangwa la Sonora, kati ya Marekani na Mexico.

Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya jojoba ni mafuta, na zaidi ya asilimia 95 ya mafuta hayo ni nta ya majimaji. Alizeti, nazi, ufuta na parachichi havina muundo huo. Kwa mtumiaji tofauti inaonekana mahali patatu. Kwanza, chupa hukaa muda mrefu bila kuchacha, hata ikifunguliwa kila siku. Pili, hayazami upesi kwenye ngozi. Yanabaki juu na kuzuia maji yasitoke. Tatu, baridi huyagandisha mapema: kwenye nyuzi 10 hivi yanaanza kuwa na ukungu, kisha hushikana. Anayeishi Njombe, Limuru au Kigezi akiamka asubuhi ya Julai na kukuta chupa imeganda asidhani ameuziwa vibaya. Aiweke kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, itarudi hali yake bila kuharibika.

Kipimo kinachotosha kwa nywele fupi za kipilipili ni matone 5 au 6, yakipakwa nywele zikiwa bado na unyevu. Ukipaka kwenye nywele kavu kabisa unafungia ukavu ndani, kisha unailaumu chupa. Kwa uso, matone 2 tu. Yakizidi hapo, uso hung'aa mpaka mchana na vumbi la barabarani hupata pa kushika. Jojoba ya rangi ya dhahabu haijasafishwa sana na ina harufu hafifu ya mbegu. Isiyo na rangi imesafishwa na inafaa zaidi kwa ngozi inayokasirika haraka. Zote mbili zijaribu ndani ya kiwiko kwa saa 24 kabla ya kupaka usoni. Wala usiyaongeze kwenye chakula kwa kuwa yametoka kwenye mmea: utumbo wa binadamu hauimeng'enyi nta hii vizuri, na matokeo yake utayaona kwenye nguo.

Sasa papa. Samaki wengi wa mifupa wana kibofu cha hewa kinachowasaidia kuelea. Papa, kama samaki wengine wa gegedu, hana, na huko chini ya mita mia kadhaa asingekuwa na nguvu za kuogelea kila dakika ili asizame. Wale wa jenasi Centrophorus na jamaa zao hutatua shida hiyo kwa ini. Ini linaweza kufika robo ya uzito wa mwili, na sehemu kubwa ya mafuta yake ni skwaleni, ambayo ni nyepesi kuliko mafuta ya kawaida. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.026 hivi, lita ya skwaleni ni kilo 0.858. Kwa hiyo kila lita inambebea papa gramu 168. Mafuta ya kawaida ya samaki, yenye kilo 0.92 kwa lita, yangembebea gramu 106 tu.

Nyangumi hana haja ya ujanja huo. Ana mapafu na hurudi juu. Lakini katika uzazi wanyama hawa wawili wanakaribiana kuliko mtu anavyotarajia. Nyangumi wa ambari hubeba mimba kwa zaidi ya mwaka na kuzaa ndama mmoja kila baada ya miaka kadhaa. Papa wa Centrophorus, mwenye mita moja na ushei, hubeba kwa takriban miaka miwili na kuzaa mtoto mmoja au wachache. Mvuvi akimhesabu kama samaki wa kawaida anayetaga mayai kwa maelfu, hesabu inaharibika upesi. Maldives iliona jambo hilo: uvuvi wa papa wa kilindini kwa ajili ya mafuta ya ini ulishamiri katika miaka ya 1980, na muda si mrefu samaki wakaadimika.

Fanya hesabu ya chupa. Papa wa kilo 4 ana ini la kilo 1. Likitoa gramu 700 za mafuta, na asilimia 70 ya mafuta hayo ikiwa skwaleni, unapata gramu 490. Chupa ya mililita 30 ina gramu 24 hivi. Samaki aliyehitaji miaka mingi kukomaa ametoa chupa 20, kabla ya upotevu wa kiwandani.

Mkemia Mjapani Mitsumaru Tsujimoto ndiye aliyeitambua skwaleni katika mafuta ya papa mwaka 1906. Ni mnyororo wa kaboni 30 wenye sehemu sita ambazo oksijeni huzishambulia kwa urahisi, na ndiyo sababu haifai kupakwa usoni ikiwa ghafi. Jua likiipiga, huoza kikemia na mabaki yake huziba vinyweleo na kuleta chunusi. Viwanda huzijaza sehemu hizo sita kwa haidrojeni, na kinachopatikana ni skwalani: haina harufu, haina rangi, haichachi, na haigandi mpaka nyuzi 38 chini ya sifuri. Kwenye lebo tofauti ya majina hayo ni herufi moja, Squalene na Squalane. Ya kupaka iwe ile inayoishia kwa -ane.

Skwalani hiyo yaweza kutoka mahali patatu. Ya papa hutolewa kwa kuchemsha ini na kuyachuja mafuta yake kwa mvuke, nayo huwa safi sana. Ya mizeituni hutoka kwenye mabaki ya kusafishia mafuta ya zeituni; mara nyingi hubaki na chembe za nta ya mmea, na haina ubaya wowote isipokuwa yaweza kuwa nzito kidogo mkononi. Ya miwa hutengenezwa kwa hamira iliyorekebishwa: inalishwa sukari, inatoa farneseni yenye kaboni 15, mbili zinaunganishwa kuwa 30, kisha haidrojeni inaongezwa. Kampuni ya Amyris ndiyo iliyoipeleka njia hii sokoni kwa miwa ya Brazili, na chapa ya Biossance ilizaliwa humo. The Ordinary nayo huuza skwalani ya mimea ikiandika wazi kwamba ni ya mimea. L'Oréal na Unilever zilitangaza mwaka 2008 kwamba zinaachana na ile ya papa.

Tatizo ni kwamba orodha ya viambato nyuma ya chupa huandika jina moja tu, Squalane, bila kutaja asili. "Safi asilimia 100" haikwambii lolote. Kanuni yetu ni nyepesi: kama lebo haitaji miwa, mizeituni au angalau mmea, chukulia kuwa ni papa na urudishe chupa kwenye rafu. Maneno kama "ya baharini" au "ya kilindini" hayahitaji kukisia. Maabara inaweza kutofautisha kwa kupima aina za kaboni, kwa kuwa miwa hutumia njia tofauti ya kutengeneza sukari kuliko mizeituni na alama hiyo hubaki ndani ya mafuta. Nyumbani huwezi.

Nyumbani unachoweza ni kugundua ulaghai wa kiwango cha chini, yaani alizeti iliyotiwa kwenye chupa nzuri. Nunua bomba la sindano la mililita 10 kwenye duka la dawa na utafute mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Weka bomba tupu juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ujaze mafuta mililita 10 bila povu la hewa. Skwalani itasoma gramu 8.1 au pungufu kidogo kukiwa na joto. Jojoba itasoma 8.6 hadi 8.7. Alizeti na ndugu zake watasoma karibu 9.2. Skwaleni ghafi husoma 8.6, sawa na jojoba, kwa hiyo hapo tumia pua: skwaleni iliyokaa ina harufu ya samaki. Kipimo cha pili ni friza. Ikikaa humo usiku kucha, skwalani halisi hubaki inatiririka na jojoba hushikana kuwa donge. Friji ya kawaida haitoshi, kwa sababu mafuta ya zeituni nayo huweka ukungu humo na kumdanganya mpimaji. Mafuta mepesi ya petroli yanaweza kupita vipimo vyote viwili, basi usivichukue kuwa cheti.

Kwenye ngozi, skwalani ni matone 3 au 4 kwa uso na shingo, juu ya ngozi yenye unyevu, baada ya seramu ya maji na kabla ya krimu. Asubuhi punguza hadi 2 na usubiri dakika chache kabla ya kupaka krimu ya kukinga jua. Ukiharakisha, krimu hujikunja vipande vidogo na kinga huacha mapengo. Mafuta yenyewe hayakingi jua hata kidogo, na hili tunalisema hasa kwa wenye ualbino ambao huuziwa kila chupa kwa ahadi hiyo. Wala hayaondoi madoa. Kinachopatikana ni ulaini usionata, hata Mombasa mwezi wa Machi au Muscat mwezi wa Juni, na hapo jojoba haimfikii.

Mtu atauliza kuhusu ambari, kwa kuwa ndiyo bidhaa ya nyangumi huyu ambayo pwani yetu na Oman bado wanaijua. Al-Mas'udi, msafiri Mwarabu aliyeandika katika karne ya 10, aliisifu ambari ya bahari ya Zenji. Hutengenezwa kwenye utumbo wa nyangumi wa ambari na huelea mpaka ufukweni, mara nyingine ikiwa na midomo ya ngisi ndani yake. Sindano iliyopashwa moto ikiguswa juu yake huyeyusha utomvu mweusi unaonata. Mafuta ya mawese yaliyoganda baharini, ambayo ndiyo huokotwa mara nyingi, huyeyuka kama mshumaa na hayaachi utomvu. India, Australia na Marekani zinakataza biashara yake, kwa hiyo usiitie kwenye sanduku la safari. Manukato mengi leo hutumia ambroksidi, kiungo chenye harufu ya ambari, iliyotoka kwenye mmea wa jamii ya mrehani au, tena, kwenye farneseni ya miwa. Tunaipenda ajabu hiyo: malighafi ileile ya hamira inamstaafisha papa kwa mkono mmoja na nyangumi kwa mkono wa pili.

Vidonge vya mafuta ya ini la papa wa kilindini, hasa vya Japan na New Zealand, huuzwa kwa ahadi ndefu: kinga, viungo, nguvu, hata saratani. Ushahidi wa kitabibu wa ahadi hizo ni dhaifu, na mwili wako hutengeneza skwaleni yake kila siku njiani kuelekea kolesteroli. Usivichanganye na mafuta ya ini la chewa, ambayo watu huyanywa kwa ajili ya omega-3 na vitamini A na D. Baadhi ya mafuta ya ini la papa yana vitamini A nyingi mno. Mama mjamzito asivuke mikrogramu 3,000 kwa siku kutoka vyanzo vyote, na kwa vidonge visivyo na kipimo hicho kwenye lebo hawezi kujua yuko wapi. Mtoto asimiminiwe mafuta haya mdomoni kwa nguvu kwa hali yoyote: yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia ya mafuta, na hospitali za Korea zimeandika juu ya wagonjwa wa aina hiyo. Matumizi ya maana ya skwaleni ndani ya mwili ni ya madaktari. Chanjo ya mafua yenye kiongezi cha kuamsha kinga kiitwacho MF59 ina miligramu 9.75 za skwaleni kwa dozi, kiasi kidogo sana kuliko kidonge.

Imebaki sifa. Hii haitoki kwa papa wa kilindini, bali kwa papa wanaonaswa kwa jarife na mshipi karibu na pwani, na mafuta yake mengi ni trigliseridi, yaani mafuta ya kawaida, zinazokauka polepole na kuacha utando. Kwa sababu hiyo inafanya kazi ambayo skwalani isingeweza kamwe, kwa kuwa skwalani haikauki. Sehemu ya chombo iliyo juu ya maji hupakwa sifa. Chini ya maji ni deheni ya shahamu na chokaa. Kama unanunua sifa kwa dumu, tikisa kwanza na uiache itulie saa moja. Tabaka la maji chini maana yake haikuchemshwa ikakauka, nayo itavunda na kutoa malengelenge kwenye mbao. Iliyo nzuri ni ya kahawia, hupita kwenye kitambaa bila kuacha nyama ya ini. Paka kwenye mbao zilizokauka kabisa na kukalafatiwa, yaani kuzibwa mianya, kwa safu mbili nyembamba, ukiacha ya kwanza ipate jua kwanza. Safu nene hubaki inanata na kukusanya mchanga. Harufu hupungua baada ya wiki chache lakini haiishi, kwa hiyo mwenye mashua ya watalii afadhali atumie mafuta ya kitani. Na matambara uliyopakia, usiyakunje na kuyatupa pembeni ya banda. Mafuta ya samaki yakikauka kwenye kitambaa hutoa joto lake yenyewe, na rundo lililobanwa linaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze moja moja juani, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.